Namba za Bustani

Mama Kioo hakujua kuogelea, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza. Kwa nini wamuulize? Kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya boti yenye sakafu ya kioo, mkono mmoja umeshika nguzo ya turubai, mwingine unaelekeza chini, na kuwasimulia watu mambo ya baharini kana kwamba kitovu chake kilizikwa huko. Mumewe, Nahodha, alishika usukani. Yeye alishika maneno. Majirani walisema boti ile ingeweza kwenda bila injini, ila bila mdomo wa yule mama isingevuka hata gati.

Jumamosi moja mchana walikuwa na wageni kumi na wawili. Nahodha alizima injini juu ya Bustani. Hilo ndilo jina walilolipa eneo la matumbawe lenye kina kifupi, na ndilo eneo pekee ambapo boti ya kioo ilikuwa na maana. Kwingine kote ungetazama sakafu ukaona bluu tupu, ukadai nauli yako.

"Tazameni pale," alisema Mama Kioo. "Huyo wa mviringo tunamwita Mzee Kichwa. Mnaona mikunjo? Anawaza jambo moja tangu babu zenu hawajazaliwa, na jibu bado." Wageni wakacheka, mahali palepale ambapo wageni wote hucheka. "Na yale meupe, manne pale pembeni, msiyaone hivyo. Msimu huu Bustani inaolewa. Hilo ni gauni la harusi."

Simu zikainama kupiga picha. Mama Kioo akanyamaza kidogo, kama alivyozoea, ili uzuri uwaingie. Ndipo mwanamke mmoja wa makamo akasema, "Kuna mtu huko chini."

Wote wakasogea upande mmoja hata boti ikalala. Chini ya kioo, polepole, bila haraka yoyote, alipita mwanamke mwenye mapezi meusi miguuni na chupa ya hewa mgongoni. Alisimama mbele ya Mzee Kichwa, akaweka kadi ndogo kando yake, akatazama kadi, akatazama tumbawe, akaandika kitu kwenye kibao cha plastiki. Kisha akainua uso na kuwapungia mkono. Wageni wakapiga makofi. Makofi hayo Mama Kioo hakuwahi kuyapata hata siku moja. Yeye alipata kicheko na, mara mojamoja, bakshishi.

"Ni nani yule?" akauliza mwanamke wa makamo.

"Mdogo wangu," alisema Mama Kioo, na neno lilimtoka kama mfupa.

Mtaa mzima ulimwita Pezi tangu ofisi ya hifadhi ilipomfundisha kuzamia na kumwajiri kupima matumbawe. Mwaka mmoja tu. Kabla ya hapo alikuwa msichana wa kukaa pembeni, anayezungumza huku ametazama vidole vyake. Sasa alitokea juu ya maji, akavua miwani, akashika ukingo wa boti ya dada yake kwa mkono mmoja, na watu kumi na wawili wakamwinamia.

"Haya meupe yana njaa," aliwaambia. "Tumbawe ni mnyama, si jiwe. Ndani yake kuna vimwani vidogo, havionekani kwa macho. Hao ndio wapangaji wake. Kodi wanalipa kwa chakula: wanapika kwa mwanga wa jua, wanamgawia mwenye nyumba. Hata rangi ni yao. Sasa maji yakipata joto wiki baada ya wiki, mwenye nyumba anachanganyikiwa, anawafukuza. Anabaki peke yake, mweupe, na kupika hajui."

"Yamekufa?"

"Bado. Maji yakipoa mapema, wapangaji wanarudi. Yakichelewa, ndiyo basi."

"Na joto linatoka wapi?"

"Kwetu sisi, watu wote. Moshi wa magari, wa viwanda. Juu unatufunika kama blanketi, na bahari ndiyo inayobeba joto lile. Halafu sehemu ya hewa ya moshi huo inayeyuka majini, maji yanakuwa makali, kama umeyakamulia ndimu kidogo. Tumbawe linajenga kwa chokaa. Hebu wewe jenga kwa chokaa ndani ya ndimu."

Wageni walitikisa vichwa. Mama Kioo alisimama vilevile, ameshika nguzo, na kilichokuwa kinamchemka rohoni hakikuwa habari za bahari. Nyumba ilikuwa yake na mumewe. Pezi alikaa chumba cha uani. Na ni kweli, siku nyingi aliyepika alikuwa Pezi. Kumbe ndimi ninayesemwa, alijiambia, mbele ya wageni wangu, na huku amening'inia kwenye boti yangu.

Pezi, maskini, hakuwa na habari. Alikuwa anawaza vimwani tu.

"Sasa lile gauni la harusi?" mwanamke wa makamo alimgeukia Mama Kioo. Hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililokata maini.

"Mzaha," alisema Mama Kioo. "Ni mzaha tu."

Pezi aliwapa wageni ile kadi waishike. Ilikuwa na miraba ya rangi, kutoka nyeupe ya maziwa hadi kahawia iliyokolea, na kila mraba una namba yake. Ikazunguka boti nzima mkono kwa mkono. Ilipofika kwa Mama Kioo, kijana wa mwisho alimnyooshea.

"Naijua hiyo," alisema Mama Kioo, wala hakuinamisha macho. Kadi ikarudi kwa Pezi.

Hajawahi kuishika kadi ile maishani mwake.

*

Jumapili walikula pamoja uani, chini ya bati, kwa sababu ndani hapakukalika kwa joto. Mama yao alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, miguu ameiweka kwenye beseni la maji, na maneno yake yote yalikuwa ya Pezi.

"Mke wa fundi viatu ameniuliza, yule binti yako anavuta pumzi vipi kule chini? Nikamwambia, muulize mwenyewe, mimi nilimzaa tu." Akacheka. "Mwanangu, hebu tueleze tena ule mpango wa ofisi."

Pezi alieleza, macho yakiwa kwenye sahani. Ofisi ilikuwa na maeneo mawili ya kutazama: Bustani, na Mgongo, kule kwenye kina kirefu ambako wazamiaji wa hoteli hupeleka watu wao. Joto la maji lilikuwa limepanda vibaya. Eneo litakaloonekana kuzidiwa lingefungwa hadi msimu wa baridi, miezi sita, pasiingie boti wala mzamiaji, ili matumbawe yasisumbuliwe na nanga na miguu wakati yanapigania roho. Jana amemaliza kupima. Jumatatu asubuhi atapeleka kibao, na Mtaalamu, mkuu wake, atatangaza Jumatano.

"Miezi sita," alisema Nahodha. Aliacha kutafuna. "Shemeji, wewe si umeona? Tuambie tu. Sisi tumo au hatumo?"

"Siwezi kusema kabla hawajasema wenyewe, shemeji."

"Hata sisi wa nyumbani?"

"Ninyi ndio hasa nisiowaambia. Watasema nimewapendelea."

Nahodha alitikisa kichwa kwa heshima. Heshima, hiyo hapo, Mama Kioo aliiona kwa macho yake. Yeye akisema jambo, mumewe hujibu "mmh" huku anatafuta chumvi. Pezi akikataa kusema jambo, anaheshimiwa. Hali hiyo watu huiita roho ya kwa nini, na kweli swali lake ni hilo moja: kwa nini yeye? Miaka kumi na mmoja nimesimama juu ya maji yale, kwa nini anayeingia ndani awe yeye? Mama Kioo aliikusanya sahani ya mumewe kabla hajamaliza.

Baada ya chakula Pezi alilala. Kuzamia humchosha mtu mifupa, na siku sita mfululizo zilikuwa zimemmaliza. Mama yao naye alisinzia kitini. Nahodha alikwenda kutazama injini. Kibao kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka na suruali, kikikauka ndani ya mfuko wake wa neti.

Mama Kioo alikitoa. Juu pameandikwa maneno mawili kwa penseli, BUSTANI na MGONGO, na chini ya kila neno safu ya namba kumi. Chini ya Bustani: nne, tano, nne, tano, tano, nne, na kuendelea hivyo. Chini ya Mgongo: moja, mbili, moja, moja, mbili, hivyohivyo mpaka chini. Kadi yenyewe haikuwapo. Ilikuwa imebaki kwenye boti ya ofisi.

Akasoma mara mbili. Damu ikampanda kichwani.

Mwezi uliopita mama yao alipougua, Mama Kioo ndiye aliyekesha na kipimajoto. Thelathini na saba, shwari. Thelathini na nane, paka maji. Arobaini, kimbia zahanati. Na katika maisha yake yote hajaona ugonjwa unaopimwa namba zikashuka. Kwa hiyo hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Bustani yake ina homa kali, Mgongo wa wazamiaji ni mzima. Yale meupe manne tu aliyoyaona kwa macho yake kila siku, kati ya mamia yenye rangi ya chai, yalimpitia akilini akayapuuza. Alichokiona ni mdogo wake anakula na wazamiaji wenzake mezani hotelini, anawalindia eneo lao, na kumfungia dada yake mlango.

Uani palikuwa na kopo la unga wa kusugulia sufuria. Penseli ya kuandikia majini haifutiki kwa kidole, lakini unga ule hauna mchezo. Aligusa kidole kwenye maji, kwenye unga, akasugua lile neno la kwanza, akasugua la pili. Kisha akachukua penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye kibao chenyewe, akaandika upya. Palipokuwa BUSTANI akaandika MGONGO. Palipokuwa MGONGO akaandika BUSTANI.

Namba hakuzigusa hata moja. Wala mwandiko haukumpa shida. Pezi alipokuwa na miaka mitano, ni Mama Kioo aliyemkalisha sakafuni na kipande cha mkaa akamfundisha herufi, B yenye tumbo kubwa chini, G yenye mkia. Hata mwalimu wa shule alikuwa akichanganya madaftari yao.

Alirudisha kibao kwenye kamba, akaweka shuka vizuri, akaenda kuosha vyombo. Aliosha akiimba kwa sauti ya chini. Mama yao alifumbua jicho moja, akasema, "Leo umefurahi," akalifumba tena.

*

Jumatano ofisi ya hifadhi ilijaa. Watu wa boti walikaa upande wa dirisha, wazamiaji wa hoteli upande wa mlango, na katikati kulikuwa na feni moja iliyokuwa ikiwapepea waliokaa mbele tu. Mama Kioo alikaa mbele. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Pezi alisimama ukutani na wafanyakazi wenzake. Kibao alikuwa amekikabidhi Jumatatu kikiwa bado ndani ya mfuko wake, bila kukitazama tena.

Mtaalamu, mkuu wa upimaji, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kuchoka. Hakuzunguka.

"Eneo la Bustani limefungwa kuanzia leo hadi maji yapoe. Mgongo utabaki wazi."

Nahodha alishika kichwa. Nyuma mtu alisema, "Basi boti ya kioo kwishnei." Wazamiaji walipeana mikono kimyakimya. Mama Kioo alihisi feni imesimama, ingawa ilikuwa inazunguka.

"Lakini namba zetu ni ndogo," alisema.

Alisema taratibu, karibu kwa kunong'ona. Mtaalamu alimsikia nusu. "Ndogo, ndiyo, mama. Ndiyo shida yenyewe. Moja ni nyeupe kabisa, imefukuza vyote. Sita ni afya tele. Bustani imepata wastani wa moja na nusu. Sikutegemea, kusema kweli. Mgongo ndio niliouogopa."

Pezi alisikia yote. Alikuwa hatua tatu tu. Namba zetu ni ndogo: nani amemwambia dada namba? Alitazama shingo ya dada yake kwa nyuma, akaiona inavyotoka jasho.

"Kuna kosa," alisema Pezi. Watu wakageuka. "Bustani si moja na nusu. Ni nne na nusu. Nimeipima mwenyewe. Mgongo ndio unaokufa."

Mtaalamu alifungua droo, akatoa kibao. Alikiweka mezani. "Njoo usome."

Pezi alisoma. Alipitisha kidole juu ya lile neno BUSTANI. Plastiki ilikuwa laini mno mahali pale, imesuguliwa. Alilitazama tumbo la ile B kwa muda mrefu.

"Huu si mwandiko wako?" aliuliza Mtaalamu.

"Ni wetu," alisema Pezi.

Mtaalamu alidhani amemaanisha wa ofisi. "Nimekuuliza wako."

Pezi aliondoa kidole kwenye plastiki. Angeweza kusema. Watu arobaini walikuwa wanamsubiri aseme, na dada yake alikuwa ameinamisha kichwa akitazama mikono yake, kama alivyokuwa akifanya Pezi zamani. Pezi alikisogeza kibao kwa Mtaalamu.

"Tangu Jumatatu nimewaruhusu watu Mgongo kwa kibao hiki," Mtaalamu alisema, na uchovu ukamtoka kwenye sauti. "Siku tatu. Makundi mangapi yameshuka? Tumbawe lenye njaa likikanyagwa haliponi, wewe si unajua? Unawafundisha wageni kila siku. Ama umekosea jambo ambalo mtoto hakosei, ama umechezea. Yote mawili siyataki hapa. Maeneo yote mawili yamefungwa mpaka yapimwe upya na mtu mwingine. Na vifaa vya ofisi utaviacha pale."

Pezi aliweka mapezi mezani, miwani, na kadi. Mzamiaji mmoja alicheka, halafu akaona haya akakohoa.

*

Njiani Nahodha hakusema kitu. Nyumbani alisema vyote. Alisema shemeji amewatia aibu, alisema alijua kichwa kitamvimba, alisema watu wa kusomeasomea huko ndivyo walivyo. Heshima yote ya Jumapili ilikuwa imeyeyuka. Mama yao alilia na kuuliza mara tatu kama mapezi waliyompa ni mali yake au ya ofisi.

Na Mama Kioo? Ukweli lazima usemwe. Jioni ile, kabla aibu haijamfikia vizuri, kuna raha iliyompitia. Mumewe alikula akimtazama yeye. Mama yao alimwambia, "Afadhali wewe unatulia na kazi yako." Pezi alikuwa amechuchumaa uani, anaosha sufuria, hana jina la mtaani wala kitu mguuni. Mambo yalikuwa yamerudi mahali pake. Mama Kioo aliionja raha hiyo muda wa kama nusu saa, kisha akachukua vikombe akaenda uani.

Pezi hakuinua kichwa. "Ulidhani kubwa ndiyo mbaya," alisema.

Mama Kioo aliweka vikombe chini. "Kama homa."

"Kama homa." Pezi alisugua. "Dada, ungeniuliza tu."

"Nikuulize wewe?"

"Ndiyo. Mimi."

"Nikupigie magoti mbele ya wageni wangu, eti mdogo wangu, namba hizi maana yake nini? Mimi? Niliyekufundisha moja na mbili?"

"Si lazima magoti. Ungeuliza tu, hivi." Pezi aliacha kusugua. "Nilikupa tano. Mzee Kichwa nilimpa tano, na nilirudi mara ya pili kumpima kwa sababu sikuamini, katika joto lote hili. Nililia ndani ya miwani. Nilitaka kukuambia pale mezani, nikaogopa watasema nimekubeba. Nikasema siku tatu si nyingi."

"Ungesema."

"Ningesema." Alikubali haraka mno, na hilo pia likamkera Mama Kioo. Mtu anayekubali makosa kirahisi hivyo anakuacha na yako yote mkononi.

"Na ile hadithi ya mpangaji," alisema Mama Kioo. "Ya mwenye nyumba asiyejua kupika. Hukunisema mimi?"

Pezi alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akataka kucheka. "Nilikuwa nakuiga wewe. Kwenye mafunzo walitusomea kurasa kumi, hakuna aliyeelewa. Nikajiuliza, dada angewaambiaje watu wa boti? Ndiyo nikapata wapangaji. Mimi ningejulia wapi kusema na watu?"

Ingefaa niseme hapo moyo wa Mama Kioo ulilainika. Haukulainika. Alichosikia ni kwamba hata ule mdomo, kitu pekee alichokuwa nacho yeye na Pezi hana, Pezi alikuwa ameshaubeba.

"Kwa nini hukunitaja?" aliuliza.

"Sijui," alisema Pezi. "Mgongo unakufa, dada. Siku tatu watu wamesimama juu yake. Nikifumba macho ndicho ninachokiona. Wewe sikukufikiria sana."

*

Alhamisi saa mbili Mama Kioo alikuwa kwenye benchi la ofisi. Hakuwa amevaa nguo nzuri. Alisubiri mpaka saa nne, maana Mtaalamu alikuwa na wageni wa maana, na mhudumu wa mapokezi alimpita mara nne bila kumuuliza shida yake. Alipoingia alisema yote akiwa bado amesimama, kwa sentensi fupi, naye alikuwa mtu wa sentensi ndefu.

Mtaalamu alimsukumia karatasi. "Andika mwenyewe. Ulichofanya, na sababu."

Alichofanya alikiandika kwa mistari miwili. Kwenye sababu alikwama. Angeweza kuandika kwamba hakuelewa namba, na ilikuwa kweli. Angeweza kuandika kwamba alihofia riziki ya nyumba, na hiyo nayo kweli. Mtaalamu alikuwa anatazama saa. Mama Kioo aliandika, "Wivu." Akaweka nukta. Akasukuma karatasi kabla hajapata nafasi ya kuongeza neno.

Mtaalamu alisoma, akasoma tena. Halafu akampigia simu Nahodha, akamwita na Pezi.

Uamuzi ulitolewa siku hiyohiyo. Pezi alirudishiwa kazi na vifaa vyake mbele ya wafanyakazi wote. Namba zenyewe hazikuwa zimeguswa, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kupima upya: Mgongo ulibaki umefungwa. Bustani ilifunguliwa, bila nanga, boti moja kwa wakati. Na Mama Kioo asipande boti yoyote ndani ya eneo la hifadhi kwa mwaka mzima.

"Mwaka," alisema Nahodha. "Mkuu, boti yangu bila mtu wa kueleza ni kioo tu."

"Hilo ni lako."

Nahodha alikuna kidevu. Hakumtazama mkewe. Alitazama kalenda ukutani. "Basi naomba shemeji atusaidie. Siku ambazo hapimi. Wageni si wanampenda."

Alisema kama mtu anayeomba kuazima jembe. Mtaalamu aliona hakuna ubaya. Pezi alitaka kukataa, akamtazama dada yake amsaidie kukataa, lakini Mama Kioo alikuwa amekaza macho kwenye ile karatasi yake juu ya meza, kwenye lile neno moja lenye nukta, na hakugeuka.

*

Kwa hiyo ikawa hivi: Jumamosi asubuhi Mama Kioo alifunga chakula cha watu wawili, mume na mdogo, akawafuata mpaka mlangoni, akawaona wanaelekea gatini, Pezi nyuma kwa hatua moja kwa heshima. Alifagia uwanja uliokwisha fagiwa. Mama yao alimwambia, "Kaa basi," hakukaa. Saa tano alijua Nahodha anazima injini. Saa tano na robo alijua wanacheka, au hawacheki, na hakujua lipi lingemuuma zaidi.

Walirudi alasiri. Nahodha alipitiliza kuoga bila salamu ya maana. Pezi alikuja uani, akaketi kwenye kindoo kilichogeuzwa, nywele bado zina chumvi ya upepo.

"Hawakucheka," alisema. "Niliwaeleza kila kitu. Joto, vimwani, chokaa. Waliniitikia kama wako kwenye mtihani. Kioo kiko palepale, matumbawe palepale. Shemeji alikuwa anatazama pembeni."

Mama Kioo alikung'uta ufagio. Kitu chenye joto, kitamu, kilimpanda kifuani, naye alikitambua mara moja, maana alishakiandika kwa mkono wake.

"Dada," alisema Pezi, "unaanzaje? Yale ya Mzee Kichwa, unasubiri kwanza waone au unasema kabla? Na samaki wale wa mistari, unawaambia nini? Nifundishe."

Aliuliza hivyo tu. Hakushusha sauti, hakuona aibu, hakuzunguka, na mama yao yuko palepale anasikia. Aliuliza kama mtu anavyoomba maji. Mama Kioo aliona jinsi ilivyo rahisi, na urahisi ule ulimchoma kuliko karatasi ya Mtaalamu.

Aliegemeza ufagio ukutani. Akaketi.

"Unasubiri," alisema. "Wakiona wenyewe, ndipo unasema. Ukiwahi, umeharibu." Akamweleza Mzee Kichwa na mahali pa kunyamaza. Akamweleza samaki wa mistari, na pa kuweka mkono, na namna ya kumchagua mgeni mmoja mwenye uso mgumu ukasema naye peke yake mpaka acheke, maana akicheka huyo wamecheka wote. Alisimama, akashika nguzo ya bati kama ile ya turubai, akamwonyesha. Pezi alirudia. Akakosea, akarudia tena. Mama yao alicheka mahali wageni wanapocheka. Jua lilishuka, nao bado wako Bustani.

"Ni hayo tu?" aliuliza Pezi mwishoni. "Hakuna jingine?"

Lilikuwapo jingine. La mwisho kabisa, la wakati boti inageuka kurudi, lililowafanya watu wazima wafute machozi kwa kicheko na kuuliza jina lake. Hakuwahi kulisema popote ila juu ya kioo kile, na Nahodha hulisahau kila siku.

"Ni hayo tu," alisema Mama Kioo, akachukua ufagio.